Mwaka Waliopishana

Jumapili ya kura, saa tatu kasorobo,
mama na mjomba wanapanda kilima cha shule,
mjomba na fimbo, mama na goti la chuma
alilowekewa hospitali ya Évora.
Wamevaa nguo za kanisani. Hawaendi kanisani.
Wanakuja kufutana.

Mimi ndiye karani mwenye rejista.
Nawasoma kwa sauti, sheria inavyotaka:
Felismina Rosa Caeiro. Custódio Caeiro.
Kana kwamba siwajui.

Hivi ndivyo wafanyavyo tangu kura ya kwanza,
mwaka wa sabini na tano:
mmoja huandika, mwenzake hufuta,
kisha huteremka kunywa kahawa kwa Zulmira,
na mama husema, "Basi, hatukuja."

Mwaka ule mama alikuwa na miaka kumi na tisa.
Alipanda trekta la kabaila, skafu nyekundu shingoni,
akaliendesha hadi uani bila kujua breki ziko wapi.
Ukuta wa banda la kuku una kovu mpaka leo.
Ardhi ni ya mwenye jembe, alipiga kelele,
na wanaume waliomzidi umri wakavua kofia.
Mjomba alikuwa karani wa kabaila huyohuyo.
Alifunga dirisha, akachonga penseli,
akasema chenye mwenyewe kina mwenyewe.

Leo mama ana hekta nane za mizeituni
na uzio alioulipia kwa miaka ya kudeki ofisi Lisbon.
Akiwaona vijana wa Kinepali wakirudi kutoka vitalu vya plastiki
huwahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza.
"Si kwamba nawachukia," husema. "Lakini."
Hiyo lakini haina mwisho.

Na mjomba, yule wa dirisha,
Februari alisimama mvuani mbele ya halmashauri
na bango la lugha asiyoijua.
Alikuwa amenakili herufi mojamoja, usiku kucha,
kwa mwandiko uleule wa daftari la kabaila,
kwa sababu Bishnu, anayemletea mkate,
hulala chumba kimoja na watu kumi na mmoja,
na mjomba, mtu wa hesabu, aligawanya kodi kwa vitanda
akaona jibu halikubali.

Watu husema umri humtia mtu woga.
Wengine husema humtoa.
Nina miaka arobaini na mitatu; nimeacha kusema.

Huku kwetu, mwaloni wa vizibo ukichunwa gome
hupakwa kwa rangi nyeupe tarakimu ya mwaka,
asiuguse mtu mpaka itimie miaka tisa.
Gome la kwanza halizibi chupa. La pili pia.
Zamani nilidhani ndiyo habari ya binadamu,
kwamba kuchunwa ni kuboreka.
Sasa natazama tu shina siku ya shoka:
jekundu, bichi, halijui litavaa nini.

Lakini kinachoninyima usingizi ni kitu kingine.
Kama huyu alitoka kule akaja huku,
na yule akatoka huku akaenda kule,
walipishana wapi?
Pengine ulikuwepo mwaka mmoja,
labda ule babu alipozikwa,
labda ule kiwanda cha nyanya kilipofungwa milango,
kila mmoja akainama nyuma ya kadibodi yake
akaweka alama palepale alipoweka mwenzake,
wakatoka, wakanywa kahawa,
wakacheka kwamba hawakuja.
Kura mbili nzima, na hakuna aliyezidai.

Karatasi ya mama imetumbukia. Ya mjomba imefuata.
Mama anamfunga kifungo cha koti.
"Umekosea tena, Custódio."
"Na wewe hujambo."

Yangu niliipiga alfajiri, kabla milango haijafunguliwa.
Kalamu ya pale imefungwa kwa uzi.
Safari hii niliona uzi ule ni mfupi,
au mkono wangu ndio uliokawia.